Burundi: Mwanga na sauti vinapokutana ndani ya mkongo wa mawasiliano

Burundi haina pwani. Sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti kati ya Bujumbura na ng'ambo hupita katika nyuzi za kioo zinazovuka nchi jirani hadi kwenye mikongo iliyolazwa chini ya Bahari ya Hindi, ikiwemo SEACOM, iliyoanza kazi mwaka 2009, na EASSy, iliyofuata mwaka 2010.

Unene wa uzi mmoja ni kama sehemu ya nane ya milimita. Ndani yake mwanga hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, lakini hausafiri peke yake. Kioo, ingawa ni kigumu, hutetemeka daima kwa mawimbi madogo mno ya sauti yanayotokana na joto lake. Mwanga ukikutana na wimbi la namna hiyo, chembe yake hurudi nyuma, masafa yake yakiwa yamebadilika kidogo. Mwanafizikia wa Ufaransa Léon Brillouin aliueleza mgongano huo mwaka 1922, na Leonid Mandelstam wa Umoja wa Kisovieti akaueleza kwa njia yake mwaka 1926.

Sauti hiyo haisikiki. Katika nyuzi za kawaida za mawasiliano hutetema takriban mara bilioni 11 kwa sekunde, ilhali sikio la binadamu hukomea kwenye mitetemo 20,000 hivi.

Kwa wahandisi, jambo hili lilianza kama kero. Mwaka 1972 watafiti walionyesha kwamba leza yenye nguvu ikielekezwa kwenye uzi, mwanga wenyewe huzalisha sauti, na sauti hiyo huurudisha mwanga mwingi ulikotoka. Ndiyo sababu nguvu ya mwanga ndani ya mkongo huwekewa mpaka.

Hata hivyo, kero hiyo iligeuzwa kuwa kipimo. Uzi ukivutwa, au joto lake likibadilika hata kwa digrii moja, masafa ya mwanga unaorudi hubadilika pia. Muda wa kurudi huonyesha mahali: mwanga uliorudi kutoka umbali wa kilomita 10 hutumia sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde kwenda na kurudi. Hivyo uzi mmoja huweza kuchunguza kilomita kadhaa za daraja, bomba au mteremko wa mlima. Mbinu hiyo imetumika katika nchi kama Japani, Uswisi na China.

Bujumbura ina sababu ya kuifuatilia elimu hii. Mji huo uko kati ya Ziwa Tanganyika na milima mikali ya Mumirwa. Mafuriko ya Februari 2014 yaliua makumi ya watu katika vitongoji vya kaskazini, na Mto Ntahangwa umeendelea kula kingo zake na kutishia nyumba. Uzi uliofukiwa ardhini unaweza kuhisi udongo unaovutika kabla ufa haujaonekana kwa macho.

Mkongo uliopo hautoshi kwa kazi hiyo. Nyuzi za mawasiliano huachwa zilegee ndani ya ganda lake ili zisivutwe, ilhali uzi wa kupimia ardhi sharti ushikamane na udongo. Vifaa vya kuusoma pia ni ghali. Na onyo, hata likifika mapema, huokoa maisha pale tu wakazi wanapokuwa na mahali pa kuhamia.