Kigae cha Uzbekistan kilichoibwa kikaibukia London

Mwaka 2017 kigae cha zamani chenye maandishi ya Kiarabu kilionekana kikiuzwa London. Wataalamu wa British Museum walipokichunguza, wakabaini kimeng'olewa juu ya lango la Chashma-i Ayub, yaani Chemchemi ya Nabii Ayubu, jengo la Vobkent karibu na Bukhara, Uzbekistan.

Bukhara ndiyo kwao Imam Bukhari, yule wa hadithi. Jengo lenyewe ni la mwaka 1208 au 1209, miaka kumi na kitu tu kabla Genghis Khan hajauteka mji huo. Limepona vita vyote hivyo, kumbe wezi walikuja 2014.

Vigae vya namna hii sio vya kupakwa rangi juu juu. Fundi alitengeneza bamba nene la udongo wa mfinyanzi, akasubiri likauke kiasi: likiwa bichi mno linabonyea, likikauka mno linapasuka. Hapo ndipo alipochonga herufi na maua, akichimba kwa kina. Kisha likachomwa, likapakwa maji ya rangi, likarudi tanuruni hadi rangi ikayeyuka na kung'aa kama kioo. Rangi ya feruzi ilitokana na shaba, zambarau na manganizi.

Kwa nini kuhangaika hivyo? Jua. Kwenye nchi ile jua ni kali, na mchongo wa kina hutupa kivuli, kwa hiyo ukuta unabadilika sura asubuhi na jioni. Picha ya simu haikupi hilo.

Ufundi huu ulishamiri zaidi karne ya 14. Mfano mzuri ni kaburi la Shadi Mulk Aga huko Samarkand, la miaka ya 1370. Lingine ni la Buyan Quli Khan, mtawala aliyeuawa 1358 na kuzikwa Bukhara. Baadhi ya vigae vyake sasa viko Victoria and Albert Museum, London.

Kigae cha Vobkent kilikamatika kirahisi kwa sababu ni sehemu ya maandishi. Ukikitoa, sentensi ukutani inabaki na pengo, na pengo hilo lina umbo lake. Mfanyabiashara aliyekuwa nacho alikikabidhi kwa hiari, na 2017 ikatangazwa kuwa kinarudishwa Uzbekistan.