Safu ya Lugha: Si kila mmea ni ua

Juzi hapa mtaani Pipeline, muuza miche wa kando ya barabara alininyoshea mkebe wenye mmea mdogo wa majani manene, umelala juu ya kokoto. “Chukua hii maua, mathe, haitaki maji mingi.” Niliukagua kote, sikuona hata tumba moja. Jijini tumezoea kuita maua chochote kinachopandwa kupamba baraza, nalo neno linapoteza maana. Ua ni kile kinachochanua kutoka kwenye tumba. Ni neno letu la Kibantu tangu asili. Washona wa Zimbabwe nao husema ruva. Kinachobeba ua ni mmea, na ukiwa mchanga wa kupandikizwa ni mche. Basi sema “mmea wa maua”, na uchanuapo, “ua hili” au “maua haya”, kamwe si “maua hii”.

Ule wa mkebeni tuuite mmea unaotambaa, kwani hufuata ardhi, wala tusiseme unaparamia, kama ufanyavyo mpasheni ukutani. Mimea mingine inayojilaza hivyo iko juu ya Mlima Kenya, ambako usiku ni baridi kali: mingi hujibana chini kati ya mawe, upepo ukapita juu yake. Hapa kwenye ghorofa zilizosongamana, mkebe mmoja dirishani ndiyo bustani nzima ya mtu. Mmea uliomo unastahili kuitwa kwa jina lake.