Saa za Waingereza na Longitudo ya Maniema: Kutoka Kronomita ya Msafara hadi Saa ya Mkono

1. Utangulizi

Historia ya utengenezaji wa saa nchini Uingereza huandikwa aghalabu kama historia ya mafundi wa London na mabaharia wa Atlantiki. Makala hii inakusudia kuonesha kwamba sura moja ya historia hiyo iliandikwa katika misitu na masoko ya Maniema, mashariki ya Kongo, ambako saa za Waingereza zilipewa kazi ambayo hazikuundiwa. Hoja inayotetewa ni kwamba katika karne ya 19 saa ilikuwa kipimo cha ardhi kabla ya kuwa kipimo cha kazi na mshahara. Na kwamba usahihi wake, ambao sifa zake zilimwendea fundi, ulitegemea vilevile bega la mpagazi.

2. Saa na longitudo

Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii moja kwa kila dakika nne. Kwa hiyo msafiri anayejua saa ya mahali alipo, kwa kulitazama jua, na wakati huohuo anajua saa ya Greenwich, anaweza kukokotoa umbali wake mashariki au magharibi ya Greenwich. Ugumu ulikuwa katika kuichukua saa ya Greenwich safarini bila kuharibika. Mwaka 1714 Bunge la Uingereza liliahidi zawadi iliyofikia pauni 20,000 kwa atakayeutatua ugumu huo. John Harrison, aliyeanza maisha kama seremala, alikamilisha mwaka 1759 saa yake ya nne, ambayo kwa umbo ilifanana na saa kubwa ya mfukoni. Ilipojaribiwa katika safari ya kwenda Jamaica mwaka 1761 na 1762, ilihesabiwa kuwa imepoteza sekunde tano tu. Nakala yake iliyotengenezwa na Larcum Kendall ilisafiri na Kapteni James Cook kati ya mwaka 1772 na 1775, nayo ikathibitisha kwamba njia hiyo inafaa.

Mafundi waliofuata, hasa John Arnold na Thomas Earnshaw, waliirahisisha saa ya Harrison hata ikaweza kutengenezwa kwa wingi, nayo ikajulikana kwa jina la kronomita. Chombo hiki kiliwekwa melini ndani ya kisanduku chenye pete za shaba, kikabaki sawasawa hata meli ilipoyumba, na kila siku kilitiwa ufunguo kwa wakati uleule. Utulivu ndio uliokuwa sharti la usahihi wake.

3. Kronomita begani

Katika misafara ya bara utulivu huo haukuwapo. Kronomita ilibebwa na binadamu aliyevuka mito, vinamasi na milima kwa miguu. Madhara yake ni rahisi kuyahesabu: karibu na ikweta, kosa la dakika moja ya saa huuhamisha mji kwenye ramani kwa kiasi cha kilomita 28. Latitudo haikuathirika, kwa kuwa hupatikana kwa kupima urefu wa jua au nyota. Longitudo ndiyo iliyopotea.

David Livingstone, aliyeanza safari yake ya mwisho mwaka 1866, ni mfano mzuri. Mapema mwaka 1867 mbebaji wa kronomita zake alianguka, na mwendo wa saa hizo ukabadilika. Baadaye zilikufa kabisa. Alipofika Nyangwe, kandokando ya mto Lualaba, mwezi Machi 1871, alikuwa na mto mkubwa mbele yake, naye akiamini kwamba huenda ndio chimbuko la Nile. Lakini hakuwa na saa ya kutegemea ya kumwonesha mto huo uko umbali gani mashariki au magharibi. Alilazimika kukadiria kwa hatua na siku za mwendo. Kwa maneno mengine, mwanajiografia wa Kizungu alirudi katika kipimo kilekile kilichotumiwa na wafanyabiashara Waswahili na Waarabu waliomtangulia Nyangwe, ambao waliihesabu njia kwa siku za safari.

Livingstone alifariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake pamoja na karatasi na vyombo vyake kuelekea pwani. Walipofika Unyanyembe mwaka huohuo walikutana na Verney Lovett Cameron, ambaye alichukua sehemu kubwa ya vyombo hivyo vya upimaji kwa ajili ya safari yake mwenyewe. Cameron alifika Nyangwe mwezi Agosti 1874. Vipimo vyake vya mwinuko vilionesha kwamba Lualaba hapo uko chini kuliko Nile ilivyo Gondokoro. Maji hayapandi mlima, kwa hiyo mto huo haungeweza kuwa Nile. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley aliondoka Nyangwe akisindikizwa mwanzoni na Tippu Tip, na mwezi Agosti 1877 alifika Boma, karibu na bahari ya Atlantiki.

Ramani zilizotokana na safari hizi zilibeba majina ya viongozi wa misafara. Majina ya wengi walioibeba saa yenyewe hayakuandikwa, isipokuwa pale walipoanguka, na hata hapo kosa liliandikwa kuliko jina. Jambo hili halipaswi kupuuzwa na mtafiti, kwa sababu kila longitudo sahihi ni ushahidi wa mtu aliyejitahidi asianguke.

4. Kuporomoka kwa ufundi na kuzuka kwa saa ya mkono

Ufundi uleule ulioipa Uingereza sifa ndio uliokuja kuichelewesha. Mafundi wa Clerkenwell, Coventry na Prescot waliendelea kugawana kazi za mikono, na kwa muda mrefu waliung'ang'ania mnyororo mwembamba uliosawazisha nguvu ya kamani, ambao uliifanya saa iwe nene na ghali. Wamarekani na Waswisi walitumia mashine. Hadi mwisho wa karne ya 19 soko lilikuwa limewaponyoka Waingereza.

Vita vya Kwanza vya Dunia viliihamisha saa kutoka mfukoni hadi mkononi, kwa kuwa askari aliye handakini hakuwa na nafasi ya kupekua mfuko. Kampuni iliyokuja kuitwa Rolex ilianzishwa London mwaka 1905, lakini baada ya vita hivyo ilihamia Geneva. Hata hivyo, urithi wa Uingereza haukufa. Mtindo wa wenzo uliobuniwa na Thomas Mudge katika miaka ya 1750, unaoliachia gurudumu jino moja baada ya jingine, ndio uliomo katika saa nyingi za kamani hadi leo. George Daniels alibuni mtindo mwingine katika miaka ya 1970, na kampuni ya Omega ya Uswisi ikaanza kuutumia mwaka 1999. Kwa upande mwingine, saa ya betri iliyotolewa na Seiko ya Japani mwezi Desemba 1969 iliufanya usahihi, ambao Harrison aliutafuta maisha yake yote, uwe kitu cha bei nafuu.

5. Saa mbili katika mkono mmoja

Maniema ilipotiwa chini ya utawala wa Wabelgiji, reli ya Kindu na baadaye migodi ya bati, pamoja na ile ya eneo la Punia, ilileta matumizi mapya ya saa: honi, zamu na mshahara. Hapo saa ilikoma kumuuliza mtu yuko wapi, ikaanza kumuuliza amefika lini.

Lakini saa ya Greenwich haikushinda kabisa. Saa rasmi ya Maniema iko saa mbili mbele ya Greenwich, hali jua la Punia liko mbele kwa takriban saa moja na dakika 46 tu. Kwa wastani, basi, saa ya mkono ya mkazi wa Punia hulitangulia jua lake kwa dakika 14 hivi. Zaidi ya hayo, hesabu ya Kifaransa ya ofisini huanza usiku wa manane, ilhali hesabu ya Kiswahili huanza na mapambazuko: akrabu inayoonesha saba husomwa saa moja. Kiswahili, kilichofika Maniema na misafara ileile iliyozitangulia kronomita, kiliipokea saa ya kigeni bila kuiachia mwanzo wa siku.

6. Hitimisho

Imeoneshwa kwamba saa ya Kiingereza ilifika Maniema kama chombo cha ramani, ikashindwa pale ilipokosa utulivu, kisha ikarudi katika umbo la saa ya mkono kama chombo cha kazi. Katika hatua zote mbili ilitegemea watu ambao kumbukumbu rasmi ziliwataja kwa nadra. Mtafiti wa historia ya teknolojia katika nchi za Waswahili ana wajibu wa kuzisoma upya shajara za wasafiri kwa jicho hilo: si kutafuta tu saa ilionesha nini, bali nani aliibeba, na kwa hesabu ya nani ilisomwa.