Idara ya Umeme katika Kiwanda cha Meli cha Belfast, 1909–1912

Wanahistoria wa uundaji wa meli wamezoea kuandika juu ya chuma. Husimulia habari za mkuku uliolazwa, mataruma yaliyosimamishwa, mabati yaliyofungwa kwa ribiti zipatazo milioni tatu, kisha siku ya kuishusha meli majini mbele ya umati unaoshangilia. Umeme hutajwa mwishoni, pamoja na mazulia na vyombo vya mezani, kana kwamba ni pambo. Mazoea hayo yameficha jambo moja katika historia ya Titanic, meli iliyoandikiwa vitabu vingi kuliko pengine meli nyingine yoyote. Idara iliyokuwa changa miongoni mwa idara kubwa za kiwanda kilichoiunda ndiyo ambayo kazi yake iliendelea kuonekana kwa macho hadi dakika za mwisho. Jinsi idara hiyo ilivyoongozwa, na jinsi uongozi wake ulivyopimwa, ndiyo mada ya makala haya.

Kiwanda chenyewe, Harland and Wolff, kilikuwa kwenye kisiwa cha Queen's Island, mlangoni mwa mto Lagan katika mji wa Belfast, Ireland. Ushirika wa Edward Harland na Gustav Wilhelm Wolff ulianza mwaka 1861, wakati ambapo meli zilimulikwa kwa mishumaa na taa za mafuta. Mwaka 1872 kiwanda kilijaribu kutumia gesi ndani ya Adriatic, meli ya kampuni ya White Star. Jaribio halikufaulu, kwa kuwa meli hujipinda ikipigwa na mawimbi, na mabomba ya gesi yakaachia viungo na kuvuja. Mwaka 1879 taa za umeme zilitiwa katika meli ya abiria City of Berlin ya kampuni nyingine, na tangu hapo shauri la gesi likafa. Waya hukubali kupinda mahali ambapo bomba halikubali. Hivyo kufikia mwaka 1909, mkuku wa Titanic ulipolazwa tarehe 31 Machi, ufundi wa umeme melini ulikuwa na umri wa miaka thelathini tu, nao uliishi kati ya fani kongwe za wahunzi, maseremala na watengeneza boila, ambazo kila moja ilikuwa na chama chake, desturi zake na mipaka yake iliyolindwa kwa wivu.

Ukubwa wa kazi iliyokabidhiwa idara hii unastahili kuelezwa kinaganaga. Titanic ilikuwa na mitambo minne mikubwa ya kuzalisha umeme, iliyotengenezwa na W. H. Allen wa Bedford, kila mmoja ukiwa na nguvu ya kilowati 400. Umeme ulikuwa wa volti 100, wa mkondo mnyoofu, na mitambo yote minne pamoja iliweza kutoa amperi 16,000. Humo melini mlikuwa na taa zipatazo 10,000, lifti nne, winchi, feni kubwa za kupitisha hewa, mashine za jikoni, simu, kengele za kuwaita watumishi, na saa za ukutani zilizoongozwa na saa mbili kuu. Milango ya chini ya kuzuia maji ilishikiliwa wazi kwa namna ambayo ofisa aliyekuwa juu kwenye daraja la uongozi aliweza kuiachilia yote mara moja kwa sumaku ya umeme. Nyaya zilizounganisha vyombo hivyo vyote zilikadiriwa kufikia urefu wa kilomita zaidi ya 300.

Kwa msomaji wa Lubumbashi nyaya hizo hazikosi kukumbusha jambo la karibu. Titanic ilishushwa majini tarehe 31 Mei 1911. Shaba ya kwanza ya kiwanda cha Lubumbashi ilimiminwa tarehe 30 Juni mwaka huohuo. Mambo hayo mawili hayakuhusiana moja kwa moja, lakini yalitokana na njaa moja ya shaba, njaa ambayo umeme ndio ulioieneza duniani.

Meli ilipokwisha kushushwa ilivutwa hadi gatini ili ikamilishwe, na hapo ndipo shida ya mkuu wa idara ya umeme ilipoanza kwa kweli. Mtu wa nje angedhani kwamba kazi yake ni elimu ya umeme. Elimu hiyo ilihitajika, bila shaka, lakini sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kupanga zamu kati ya watu ambao hawakuwa chini yake. Fundi umeme hawezi kutandaza waya kabla watoboaji hawajatoboa chuma. Akichelewa kidogo, seremala amekwisha kufunika ukuta kwa mbao za thamani, na mbao hizo zikibomolewa ugomvi huzuka juu ya nani atakayelipa. Akiwahi mno, wapiga ribiti na wapaka rangi watakanyaga nyaya zake na kuzichuna ngozi. Tena kila waya unaopita katika ukuta wa kuzuia maji hauna budi kupitishwa kwenye kizibo maalumu kilichokazwa, la sivyo tundu dogo la waya litaufanya ukuta mzima kuwa wa bure. Kosa la namna hiyo halionekani siku ya makabidhiano. Huonekana siku ya msiba.

Zaidi ya hayo, umeme wa Titanic uligawanywa kwa mtindo wa waya mmoja, yaani chuma cha meli chenyewe kilitumika kurudishia mkondo. Mtindo huu ulipunguza nyaya, uzito na gharama. Lakini ulidai nidhamu kubwa, kwa sababu waya ukichunika na kugusa chuma popote, papo hapo mkondo hukatiza njia. Ndiyo maana kupima ngozi za nyaya, sehemu baada ya sehemu, kulikuwa ndio uti wa mgongo wa usimamizi wa kazi hizi. Karibu na dira, kwa upande mwingine, ilipasa nyaya mbili ziandamane, ili sumaku ya mmoja ivunjwe na ya mwenzake na sindano ya dira isipotoshwe. Maamuzi ya namna hii hayakuachiwa fundi aliyeko kazini. Yalitoka katika ofisi ya michoro, na kazi ya msimamizi ilikuwa kuhakikisha kwamba kilichochorwa ndicho kilichofungwa.

Kulikuwa pia na mpaka mwingine, wa mali. Chombo cha simu ya upepo kilipata umeme kutoka mitambo ya meli, lakini kilikuwa mali ya kampuni ya Marconi, na Jack Phillips na Harold Bride waliokitumia walikuwa wafanyakazi wa kampuni hiyo. Kilipoharibika safarini, ni hao wawili waliokitengeneza wenyewe.

Mpango wa kazi, hata ungekuwa mzuri namna gani, haukuachwa utulie. Tarehe 20 Septemba 1911 Olympic, dada mkubwa wa Titanic, iligongana na manowari Hawke karibu na kisiwa cha Wight, nayo ikarudishwa Belfast kutengenezwa. Mafundi waliondolewa Titanic ili Olympic irudi haraka kuchuma fedha za wenyewe, na safari ya kwanza ya Titanic, iliyokuwa imepangiwa tarehe 20 Machi 1912, ikasogezwa hadi tarehe 10 Aprili. Kisha Olympic ikapoteza ubapa wa rafadha na kurudi tena gatini mapema mwaka 1912. Kiwanda kilikuwa na watu zaidi ya 14,000, lakini wingi huo haukumsaidia sana mtu wa umeme: mpiga ribiti hawezi kuazimwa afunge swichi. Wiki za mwisho, ambazo kwa desturi ndizo wiki za idara ya umeme kuliko idara nyingine yoyote, zilikuja zikiwa zimebanwa pande zote.

Hapa ndipo desturi moja ya kiwanda inapodhihirisha falsafa yake ya uongozi. Meli mpya haikukabidhiwa kwa wenyewe kisha ikasahauliwa. Kundi dogo la wajenzi lilisafiri nayo katika safari ya kwanza, likitazama kila kasoro na kuirekebisha. Liliitwa kundi la dhamana. Katika Titanic lilikuwa na watu tisa, wakiongozwa na Thomas Andrews, mkuu wa ofisi ya michoro. Wawili kati yao walitoka upande wa umeme. Mmoja alikuwa William Parr, naibu mkuu wa idara ya umeme, mtu ambaye hakuwa ametimiza miaka thelathini. Mwingine, Ennis Watson, alikuwa bado mwanafunzi wa ufundi umeme. Parr alisafiri daraja la kwanza pamoja na Andrews na mchoraji Roderick Chisholm. Watson alikuwa daraja la pili. Tofauti ya vyeo ilipanda nao melini.

Waandishi wengine wameliona kundi hili kama zawadi kwa wafanyakazi hodari, na kweli kuteuliwa kulikuwa heshima. Lakini heshima hiyo ilikuwa na meno. Kumtuma naibu mkuu mwenyewe, badala ya fundi wa kawaida, kulikuwa na maana kwamba aliyesimamia kazi ndiye atakayeulizwa taa ikizimika.

Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, saa tano na dakika 40, meli iligonga jiwe la barafu. Maji yaliingia upande wa omo. Mitambo ya umeme ilikuwa mbali, karibu na shetri, nyuma ya chumba cha tabo, na mahali hapo palichelewa kufikiwa na maji. Aidha, juu ya usawa wa maji palikuwa na mitambo miwili ya akiba ya kilowati 30 kila mmoja, yenye nyaya zake za pekee zilizokwenda kwenye taa zipatazo 500 zilizotawanywa melini, kama ripoti ya baraza la uchunguzi la Uingereza ilivyoeleza mwezi Julai mwaka huo. Mpangilio huo haukuwa wa bahati. Mtu fulani, kwenye meza ya michoro, alikuwa amejiuliza mapema: maji yakiingia chini, nani atawamulikia watu njia?

Wahandisi wa meli chini ya Joseph Bell, pamoja na mafundi umeme wao, walibaki kazini kulinda mvuke na mkondo. Walionusurika walieleza kwamba taa zilikuwa zikiwaka wakati mashua zinashushwa, kwamba baadaye mwanga ulififia na kuwa mwekundu, na kwamba ulizimika dakika chache tu kabla meli haijatoweka saa nane na dakika 20. Simu ya upepo nayo iliendelea kuita msaada karibu muda huo wote. Watu wapatao 1,500 walikufa. Hakuna mhandisi hata mmoja aliyepona, wala mtu yeyote wa kundi la dhamana.

Ni haki kusema kwamba mwanga huo haukuongeza hata mashua moja, na mashua ndizo zilizokosekana. Lakini watu zaidi ya 700 walioingia mashuani waliingia huku wakiona walipokuwa wakikanyaga. Tofauti kati ya sitaha yenye taa na sitaha yenye giza, penye umati wenye hofu, haihitaji hesabu. Wajumbe waliokutana London kutunga mkataba wa usalama wa watu baharini, uliotiwa sahihi tarehe 20 Januari 1914, walilielewa jambo hili: waliagiza kwamba kila meli mpya iwe na chanzo cha akiba cha mwanga kinachojitegemea, kikiwekwa juu kadiri iwezekanavyo. Kilichokuwa busara ya wachoraji wa Belfast kilitakiwa sasa kiwe sheria. Vita viliuzuia mkataba huo kutekelezwa kikamilifu, lakini sharti lenyewe liliishi katika mikataba iliyofuata.

Kiwandani kwenyewe mwaka 1912 uliacha jeraha jingine, ambalo vitabu vya Titanic hulipita upesi. Mwezi Julai wafanyakazi wapatao 3,000, wengi wao Wakatoliki, pamoja na Waprotestanti waliotuhumiwa kuwaunga mkono, walifukuzwa na wafanyakazi wenzao kutoka viwanda vya meli vya Belfast kwa vitisho na vipigo. Katika Kongo hakuna haja ya kumfafanulia msomaji maana ya fundi kufukuzwa kazini kwa ajili ya asili yake. Idara inaweza kupangiwa zamu, michoro na vipimo. Ikiwa mtu aliyejifunza kazi kwa miaka mingi hawezi kuvuka lango asubuhi, mpango wote hubaki karatasi.

Tarehe 26 Juni 1920 mji wa Belfast ulizindua sanamu ya marumaru kwa ajili ya wanawe waliozama. Majina 22 yalichongwa hapo. La Andrews lilitangulia, na la Parr na la Watson yamo. Haukupita mwezi mmoja, mnamo Julai 1920, wafanyakazi Wakatoliki na wasoshalisti wakafukuzwa tena kutoka viwanda vilevile vya meli, safari hii kwa maelfu.