Breki za gari lako zinasemaje? Namna ya kutambua tatizo kabla ya safari

Anayetoka Singida kuja Tabora akishapita Misigiri anaufahamu mteremko wa Sekenke. Barabara inashuka kutoka uwanda wa juu wa Iramba hadi bonde la Wembere, kisha unaingia Shelui, Igunga na Nzega. Miaka michache iliyopita tulishuka hapo tukiwa tumejaa kwenye gari la kukodi, mizigo mpaka juu. Katikati ya mteremko dereva akakanyaga breki, pedeli ikaenda mpaka chini kama anakanyaga godoro. Alishusha gia, akavuta handibreki kidogo kidogo, gari likasimama pembeni. Tulikaa kama nusu saa. Alipojaribu tena, breki ilikuwa imerudi, ngumu na nzuri kabisa.

Baadhi ya abiria walisema ni mambo ya Mungu. Fundi wa Igunga alifungua kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki akatuonyesha: mafuta meusi kama kahawa. Pedi zilikuwa mpya. Mwenye gari alikuwa amebadilisha pedi mara mbili, lakini mafuta ya breki hakuwahi kuyagusa tangu anunue gari.

Kwa kuwa wasikilizaji wengi wanatuuliza kuhusu breki, hasa wenye Noah, IST, Probox na Hiace za abiria, tumeandika hapa maelezo ambayo unaweza kuyahifadhi kwenye simu.

Breki inavyofanya kazi

Ukikanyaga pedeli, unasukuma pistoni ndani ya masta silinda. Pistoni inasukuma mafuta kwenye mabomba hadi kwenye magurudumu. Mbele, mara nyingi, mafuta yanabana pedi mbili kwenye diski. Nyuma, magari mengi madogo bado yana dramu, ambamo viatu vya breki vinatanuka na kusugua ndani ya dramu. Kati ya mguu wako na masta silinda kuna busta, ile sahani kubwa nyeusi karibu na injini, inayokuongezea nguvu kwa kutumia mvuto wa hewa wa injini.

Mafuta hayabonyei, ndiyo maana breki inashika. Hewa inabonyea. Kwa hiyo kitu chochote kinachoingiza hewa au mvuke kwenye mabomba kinaondoa breki.

Kwa nini mafuta ya breki yanazeeka

Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu wa hewa polepole, hata gari likiwa limeegeshwa. Mafuta mapya ya DOT 3 yanapaswa kustahimili angalau nyuzi joto 205 kabla ya kuchemka; yakishanyonya maji, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. DOT 4 huanza na 230 na kushuka hadi 155. Kwenye mteremko mrefu diski inapata moto mkali, joto linahamia kwenye mafuta, maji yaliyomo yanachemka na kuwa mvuke. Hapo pedeli inazama. Gari likipoa, mvuke unarudi kuwa maji na breki inarudi. Ndicho kilichotupata Sekenke. Breki iliyopotea ikarudi yenyewe bado ni mbovu, na mteremko ujao itapotea tena.

Mafuta haya yabadilishwe yote kila baada ya miaka 2 hivi. Tumia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo. Usiongeze mafuta ya injini wala ya usukani hata tone moja. Yanavimbisha raba zote za mfumo wa breki, na gharama yake ni kubwa kuliko bei ya kopo jipya.

Jambo jingine: kikopo kikipungua, usikimbilie kuongeza. Pedi zinapolika, pistoni zinatoka nje zaidi na mafuta yanashuka yenyewe. Angalia pedi kwanza, kisha angalia kama kuna mahali panapovuja, hasa ndani ya rimu na chini ya masta silinda.

Dalili na maana yake

Pedeli laini, ikipampu mara mbili inakuwa ngumu. Mara nyingi kuna hewa kwenye mabomba, au viatu vya nyuma vimelika au havijarekebishwa. Fundi atoe upepo na akague nyuma.

Pedeli inazama polepole ukiikanyaga na kuishikilia. Tafuta uvujaji. Usipouona popote, raba za ndani ya masta silinda zimechoka. Gari hili lisisafiri.

Pedeli ngumu kama jiwe, gari halisimami. Shaka la kwanza ni busta au bomba lake la hewa. Jaribu hivi: injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano au sita mpaka iwe ngumu. Endelea kuikanyaga, kisha washa injini. Pedeli inatakiwa ishuke kidogo chini ya mguu wako. Isiposhuka, busta haisaidii.

Mlio mwembamba wa chuma. Pedi nyingi zina kibati kidogo kinachogusa diski zikikaribia kuisha. Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hadi 12 hivi. Zikifika 3, nunua nyingine. Mlio mzito wa kukwaruza ni chuma kwa chuma, na hapo unaanza kula diski. Lakini kwenye barabara zetu za vumbi na changarawe, mlio unaweza kuwa kijiwe kilichonasa kati ya diski na bati la nyuma yake. Vua gurudumu uangalie kabla ya kununua chochote.

Gari linavuta upande mmoja ukikanyaga. Pima upepo wa matairi kwanza. Kama uko sawa, upande mmoja haushiki vizuri. Gari huvutia kule breki inakoshika zaidi, kwa hiyo ubovu unaweza kuwa upande wa pili. Sababu ya kawaida huku kwetu ni vyuma vinavyoshikilia kalipa kukauka kwa vumbi na tope, hivyo kalipa haitelezi. Fundi avisafishe na kuvipaka grisi maalumu ya breki inayostahimili moto.

Usukani au pedeli inatetemeka unapopunguza mwendo. Mafundi husema diski imepinda. Mara nyingi diski imelika bila usawa, au kuna kutu kati ya diski na sehemu inapokaa, au nati za gurudumu zilikazwa vibaya.

Harufu ya kuungua, gurudumu moja lina moto kuliko mengine. Breki inabana muda wote. Inaweza kuwa pistoni iliyonata, handibreki isiyoachia, au bomba la raba lililovimba ndani na kuzuia mafuta yasirudi. Sogeza mkono karibu na rimu bila kuigusa, utasikia tofauti. Usimwagie maji diski yenye moto, inaweza kupata ufa.

Taa kwenye dashibodi

Hapa ndipo magari ya sasa yanapotofautiana na yale ya zamani. Ukiweka ufunguo kwenye ON bila kuwasha injini, taa nyekundu ya breki na taa ya njano ya ABS zinatakiwa ziwake. Ya ABS huzima yenyewe baada ya sekunde chache. Nyekundu huzima injini ikiwaka na handibreki ikiwa imeachiwa. Ukiwa unanunua gari la mkononi na mojawapo haiwaki kabisa, uliza. Wapo wanaochomoa balbu ili mnunuzi asione tatizo.

Taa nyekundu peke yake: handibreki imevutwa, au mafuta yamepungua. Simama ukague.

Taa ya ABS peke yake: breki ya kawaida inafanya kazi, lakini msaada wa kuzuia matairi yasigande umezimika. Kwenye tope la masika au lami yenye maji, ukikanyaga kwa nguvu gari linaweza kuteleza bila kufuata usukani. Endesha taratibu mpaka litengenezwe.

Zote mbili kwa pamoja: usiendelee na safari. Mafuta yanaweza kuwa yamevuja, au kompyuta imeshindwa kugawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma.

Mara nyingi ABS husumbua kwa sababu ya sensa za magurudumu. Tope, waya uliokatwa na kijiti porini, au matairi ya saizi tofauti vinatosha kuiwasha taa. Kuna na kosa la gereji: beringi nyingi za kisasa zina sumaku upande mmoja, ambayo sensa huisoma. Fundi akiipachika beringi kinyume, gari linatembea vizuri lakini taa haizimi. Kama taa iliwaka siku uliyobadilisha beringi, mweleze fundi hivyo.

Kifaa cha kusoma kompyuta ya gari kinasaidia, ila vile vya bei rahisi husoma injini tu. Ulizia kama kinasoma ABS. Tena kinaonyesha eneo la tatizo tu. Waya, sensa na beringi bado vinatakiwa kupimwa kwa mkono.

Ukifunga breki ghafla na pedeli ikatetemeka chini ya mguu kwa mlio wa krr-krr, hiyo ni ABS ikifanya kazi. Usiachie mguu. Endelea kukanyaga na uelekeze usukani.

Wenye Prius, Aqua na haibridi nyingine: mfumo wenu wa breki unaendeshwa na umeme na una pampu yake. Kutoa upepo kwa kukanyagiana kama kwenye gari la kawaida hakutoshi, kunahitaji kompyuta. Vivyo hivyo magari yenye handibreki ya kitufe: lazima iwekwe kwenye hali ya matengenezo kabla ya kubadilisha pedi za nyuma.

Breki ikikataa mteremkoni

Usizime injini. Ukiizima, busta inabaki na msaada wa kukanyaga mara moja au mbili tu, na usukani unakuwa mzito. Pampu pedeli haraka haraka. Shusha gia moja baada ya nyingine. Kwenye otomatiki weka 2, L au B. Vuta handibreki pole pole, sio kwa mara moja. Washa taa za hatari, piga honi, tafuta upande wa mlima au kichaka, kamwe usichague upande wa korongo.

Na kabla ya kufika huko, acha tabia ya kuteremka ukiwa umetia frii ili kuokoa mafuta. Injini za kisasa hukata mafuta zenyewe unapoteremka ukiwa kwenye gia bila kukanyaga mafuta. Ukitia frii huokoi kitu, na breki inabeba mzigo wote peke yake.

Dakika tano uani

Kabla ya safari ya Kigoma, Mpanda, Itigi au Dodoma, fungua boneti uangalie kiwango na rangi ya mafuta ya breki. Chungulia ndani ya kila rimu kama kuna unyevu. Washa gari, kanyaga breki kwa nguvu ukihesabu mpaka thelathini, isizame. Tembea taratibu mahali pa wazi, achia usukani kidogo na ufunge breki. Gari lisimame limenyooka. Vuta handibreki kwenye mwinuko uone kama inashika.

Ukienda gereji, usimwambie fundi "badilisha pedi". Mweleze dalili: ilianza lini, gari likiwa na moto au baridi, lina mzigo au tupu, baada ya kufanyiwa kazi gani. Mwombe akuonyeshe spea ya zamani aliyotoa. Fundi mzuri hakasiriki kuulizwa.

Njia hii ya kutoka pwani kuja Tabora na kuendelea Ujiji wapagazi wa zamani waliipita kwa miguu, na waliochoka waliweza kutua mzigo na kupumzika. Gari lililojaa watu kwenye mteremko haliwezi. Kama mafuta yako ya breki ni meusi, yabadilishe wiki hii, kabla hujapakia abiria.