Ufafanuzi: Jinsi Mtandao wa Ndani ya Gari Unavyoendelea Kuunganishwa na Intaneti Safarini

AMANI, UNGUJA – Gari linalotoka Amani kuelekea Mnazi Mmoja hupita katika maeneo yanayohudumiwa na minara tofauti ya simu. Iwapo ndani yake mna mtandao usiotumia waya, unaounganisha mashine ya tiketi, kamera, kifaa cha kufuatilia gari na simu za abiria, vifaa vyote hivyo huhama kwa pamoja. Utaratibu unaozuia mawasiliano yake yasikatike huitwa usimamizi wa uhamaji.

Kiini cha tatizo ni anwani. Kifaa kilichomo kwenye intaneti hutambuliwa kwa anwani ya IP, na anwani hiyo huonesha pia mahali kilipojiunga na mtandao. Gari likihama kutoka mnara mmoja hadi mwingine wa kampuni ile ile, kwa kawaida mitambo ya kampuni huilinda anwani hiyo. Likihamia mtandao wa kampuni nyingine, au likiacha Wi-Fi ya kituoni na kutumia mtandao wa simu, hupewa anwani mpya. Mawasiliano yaliyoanzishwa kwa anwani ya awali hukatika: malipo yanaweza kukwama, na gari la wagonjwa linalotuma vipimo vya mapigo ya moyo hospitalini likapoteza mawasiliano katika wakati wa dharura.

Januari 2005, taasisi ya kimataifa ya viwango vya intaneti, IETF, ilichapisha waraka wa RFC 3963, unaoeleza utaratibu ujulikanao kama NEMO. Kwa utaratibu huo, ruta moja iliyofungwa ndani ya gari hubeba jukumu la uhamaji kwa niaba ya vifaa vyote. Ruta hiyo husajiliwa kwenye mtambo wa kudumu uitwao wakala wa nyumbani. Kila inapoingia mtandao mpya, hupata anwani ya muda na kumjulisha wakala. Wakala hupokea data zinazotumwa kwenye gari, huziweka katika bahasha yenye anwani ya muda, kisha huzipeleka gari lilipo. Simu ya abiria haihitaji programu ya ziada, kwa kuwa anwani yake ndani ya gari haibadiliki.

Utaratibu huo una mipaka yake. Awali ulibuniwa kwa ajili ya IPv6, na mwaka 2009 ulipanuliwa ili utumike pia katika mitandao ya IPv4. Aidha, data zote hulazimika kupitia kwa wakala; akiwa Ulaya, ujumbe kutoka Amani kwenda Mnazi Mmoja utavuka bahari mara mbili kabla ya kufika. Vilevile, utaratibu huu hauongezi uwezo wa minara: siku ya mchezo mkubwa katika Uwanja wa Amaan, msongamano wa watumiaji hubaki pale pale.

Kwa hiyo, taasisi au mmiliki wa chombo cha usafiri anayenunua huduma hii anapaswa kumuuliza mtoa huduma mambo matatu: iwapo anwani inadumu gari linapobadilisha mtandao, wakala wa nyumbani yuko wapi, na iwapo data husimbwa njiani. Kasi ya intaneti ikipimwa gari likiwa limesimama haitoshi kujibu maswali hayo. Jaribio lifanyike gari likiwa katika mwendo.