Kitenzi Kilichokufa na Mwenyewe
Kiingereza kina kitenzi cha kale, «chew», yaani kutafuna, ambacho kimedumu zaidi ya miaka 1000. Mwanzoni mwa karne ya 20 kikazaliwa kingine, «fletcherize», kutokana na jina la Horace Fletcher (1849–1919), mfanyabiashara wa Marekani. Maana yake ni kutafuna chakula mpaka kiwe majimaji kinywani kabla ya kukimeza. Fletcher alifundisha kwamba atafunaye hivyo hutosheka kwa chakula kichache. Vita vya 1914–1918 vilipoleta njaa Ubelgiji, aliwapelekea raia wa huko fundisho hilo. Lakini kutafuna hakuongezi chakula sahanini. Baada ya kifo chake kitenzi hicho kilififia. «Chew» kikabaki vinywani mwa wote, wenye shibe na wenye njaa.